Kuanza kukimbia ukubwani bila kujiumiza

Kama hujakimbia tangu shule, usitoke siku ya kwanza ukakimbia mpaka ulimi nje, kesho yake hata ngazi zitakushinda na wiki inayofuata utakuwa ushaacha. Anza hivi: tembea haraka dakika 5, halafu kimbia dakika 1, tembea 2, hiyo ya kukimbia na kutembea rudia mara 8 hivi, basi, rudi home. Mara 3 kwa wiki na usiunganishe siku, maana pumzi inazoea haraka ila kano na mifupa vinachelewa, na hapo ndo watu wanapoumia ugoko wakati wanajiona washakuwa fiti.

Spidi? Polepole kuliko unavyofikiria. Ukishindwa kuongea sentensi nzima, punguza, hata kama kuna mtu anatembea tu na anakupita, mwache apite zake. Hatua ziwe fupi, mguu utue chini ya mwili sio mbele huko, mabega yalegee.

Hela usibanie kwenye viatu: viwe vya kukimbilia kweli na mbele ya kidole kibaki kinafasi, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi.

Sasa kitambi. Kilomita 5 kwa mtu wa kilo 70 ni kama kalori 350 tu, soda mbili tatu zinarudisha zote, kwa hiyo sahani nayo ipungue na usipime uzito kila asubuhi utajivunja moyo bure.

Una presha au kifua kinabana ukikaza mwendo? Daktari kwanza, viatu baadaye.