Jinsi ya kupunguza plastiki unayokula bila kujua

Maikroplastiki ni vile vipande vya plastiki visivyofika milimita 5, na vingi huwezi kuviona kwa macho. Vimeshakutwa hadi kwenye kondo la nyuma la wajawazito, na Uholanzi mwaka 2022 walipima damu ya watu 22, 17 wakakutwa nayo. Italia nao 2024 wakatoa utafiti wa wagonjwa 257 waliotolewa mafuta yaliyoganda kwenye mshipa wa shingo, wale ambao mafuta yao yalikuwa na plastiki, hatari yao ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kufa ilikuwa kama mara 4 na nusu ya wenzao. Hiyo haithibitishi kwamba plastiki ndo chanzo, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia dawa ya "kuflashi" plastiki mwilini muache na dawa yake.

Cha kufanya, anza na joto. Ile tabia ya kufunika ubwabwa kwa mfuko wa nailoni halafu unapalia mkaa juu, yaani ukija kufunua mfuko umejikunja na umegandia kwenye sufuria, jamani acheni, jani la mgomba lipo au funika na sinia la bati. Chai na supu usifungiwe kwenye mfuko, nenda na chupa yako ya chai. Kwenye maikrowevu tumia bakuli la kioo au udongo, hata kama la plastiki limeandikwa linafaa.

Maziwa ya unga ya mtoto changanya kwanza kwenye kikombe cha stili, yakipoa ndo umimine kwenye chupa yake.

Maji sasa. Ya chupa yasikudanganye, Marekani walikuta wastani wa chembe 240,000 kwa lita. Ya bomba au kisima chemsha, ila usiyatikise, yaache yapoe yatulie kisha chuja, maana yakiwa magumu, yale ya sabuni kugoma kutoa povu, chokaa inaganda na kuzizingira chembe (ndo ule utando mweupe kwenye birika) na Wachina walipima wakakuta zinaweza kupungua hadi asilimia 90. Maji laini yanapunguza kidogo tu, kama robo hivi.

Na vumbi la ndani lina nyuzi za mazulia na nguo za polista, kwa hiyo piga deki na tambara bichi badala ya kufagia kavu, hasa chumba anachotambaa mtoto.