Jino Linauma: Kuanzia Usiku wa Kwanza Hadi Pengo Likapona

Kabla ya kuuliza jino lizibwe au ling'olewe, sikiliza linavyouma. Namna ya maumivu ndiyo inayoonesha limefika wapi, na daktari wa meno atakuuliza hayo hayo kabla hajashika kioo chake.

Likishtuka kwa maji ya barafu au tonge la halua, kisha likanyamaza ndani ya sekunde chache, uozo haujaufikia mshipa. Jino la namna hiyo huzibwa, aghlabu kwa kikao kimoja. Likiendelea kupwita kwa dakika kadhaa baada ya chai ya moto, au likikuamsha usiku, mshipa umevimba na hautarudi hali yake. Umefungiwa ndani ya chumba kigumu kisichotanuka. Ukijilaza damu huzidi kichwani na shinikizo hupanda humo ndani. Ndiyo maana mchana mtu anaweza kuuza duka lake vizuri, na saa 8 usiku akawa anazunguka uwani.

Hatua ya tatu ndiyo inayodanganya. Maumivu hukatika yenyewe, na mgonjwa husema jino limepoa. Halikupoa, mshipa umekufa. Wiki au miezi baadaye jino huanza kuhisika refu kuliko mengine, kung'ata chapati kunauma, na kwenye ufizi hutoka kipele kinachopasuka na kurudi. Hapo usaha uko kwenye ncha ya mzizi.

Usiku, kabla hujamwona daktari

Safisha tundu kwanza: sukutua kwa maji ya vuguvugu, toa mabaki ya chakula kwa uzi wa meno au mswaki. Mabaki yaliyobanwa tu yanaweza kuwa nusu ya maumivu. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili.

Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza parasetamoli ya miligramu 500, kidonge kimoja au viwili, kila baada ya saa 4 hadi 6, asizidi vidonge 8 kwa siku nzima. Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, huutuliza uvimbe vizuri zaidi, lakini haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo, mja mzito, wala mwenye pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Usiweke aspirini juu ya ufizi. Inaunguza, na asubuhi utakuwa na kidonda cheupe juu ya tatizo la jana.

Karafuu je? Inafanya kazi, na si imani ya mabibi tu. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni yujenoli, kitu kinachotia ganzi. Chukua karafuu moja nzima, ilaze kati ya jino bovu na shavu, iache ilainike kwa mate, kisha iminye taratibu bila kuitafuna. Ukitumia mafuta, tone moja lichanganywe na matone machache ya mafuta ya nazi, yalowe kwenye kipamba kidogo, kiingie ndani ya tundu la jino tu, kisha ukitoe baada ya dakika 10 hivi. Pemba, kunakokamuliwa mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), chupa ya mafuta makali haikosekani nyumbani, na kosa la kawaida ni kuyamimina mazima: ufizi unababuka na jino linabaki vile vile. Mtoto mdogo asipewe kabisa. Akiyameza ni sumu kwa ini lake.

Amoksilini ya kununua dukani haitibu jino linalouma. Dawa hufika mahali kwa njia ya damu, na ndani ya jino lililokufa damu haiingii tena. Daktari huiandika pale maambukizi yanapoenea kwenye mwili au uso umevimba, na hata hapo usaha lazima utolewe.

Uvimbe ukishuka chini ya taya, ulimi ukainuliwa, mate yakawa hayamezeki, mdomo ukawa haupitishi vidole viwili, au pumzi zikabana, usingoje kukuche. Kwa aliye mjini Unguja ni hospitali ya Mnazi Mmoja. Kwa aliye kusini mwa Pemba ni hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Aliye Micheweni, kaskazini mwa Pemba, aanze na hospitali iliyo karibu naye, asipoteze muda barabarani.

Kwenye kiti

Nenda umekula, isipokuwa umefunga au umeambiwa vingine; wengi wanaozimia kitini ni wenye njaa na woga kwa pamoja. Taja dawa zote unazotumia. Mwenye kisukari ameze dawa zake na ale kama kawaida. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, jino lisilo la dharura huahirishwa. Anayetumia dawa ya kufanya damu kuwa nyepesi asiiache kwa uamuzi wake; daktari wa moyo na wa meno wazungumze.

"Mbona ganzi haikunishika?" Usimlaumu mpiga sindano mara moja. Penye usaha pana tindikali, na lignokaini, dawa ya ganzi yenyewe, haifanyi kazi vizuri ndani ya tindikali. Dawa ya kutosha, sindano iliyopigwa mbali kidogo na uvimbe, na dakika 10 za subira mara nyingi hutosha. Moyo kudunda kwa muda mfupi baada ya sindano hutokana na adrenalini iliyochanganywa humo.

"Kung'oa jino la juu kunapofusha?" La. Mshipa wa kuonea haupiti kwenye jino.

Jino lililofika hatua ya pili au ya tatu bado linaweza kuokolewa kwa kutibu mzizi: mshipa hutolewa, mifereji yake husafishwa na kujazwa, kwa kikao kimoja hadi vitatu. Hapa ndipo watu wengi wanapojiharibia. Baada ya kikao cha kwanza maumivu huisha, jino huzibwa kwa dawa ya muda (ile inayonukia karafuu, kwa sababu yujenoli imo), na mgonjwa haonekani tena. Dawa ile haikuwekwa ikae miezi. Ikimomonyoka, mate huingia na kazi nzima huanza upya, au jino hupasuka kati. Kama huna uhakika wa kurudi, sema mapema. Kung'oa jino kwa mpango ni bora kuliko kulitibu nusu. Gego likishatibiwa mzizi mara nyingi huhitaji kofia juu yake, kwa kuwa limebaki kuta nyembamba.

Limeng'olewa: siku saba zenyewe

Ng'ata pamba kwa dakika 30 hadi saa moja, bila kuichungulia. Kila ukiitoa kuangalia, unalibandua donge la damu linaloanza kuganda. Donge hilo ndilo bendeji pekee iliyopo juu ya mfupa, na karibu kila sharti utakalopewa ni la kulilinda.

Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Mate yenye wekundu ni ya kawaida; meza. Damu ikijaa mdomoni, kunja kitambaa safi kilicholowa, kiweke juu ya tundu lenyewe na si pembeni, ng'ata dakika 30 nyingine ukiwa umekaa. Ikiendelea, rudi.

Ganzi ya mdomo huchukua saa 2 hadi 4. Mtoto achungwe wakati huo, kwani hutafuna mdomo wake bila kujua, na jioni unavimba na kuwa mweupe. Wazazi hudhani ni sindano iliyooza.

Chakula cha siku ya kwanza ni uji uliopoa, mtindi, ndizi mbivu, viazi vya kuponda. Urojo ungoje: ukali wa embe na pilipili unachoma, na vipande vya kachiri huingia ndani ya tundu. Tambuu na kuberi (tumbaku ya mdomoni) vikae mbali kwa wiki nzima. Ukipata sababu ya kuviacha moja kwa moja, ishike: popoo na tumbaku huleta saratani ya mdomo.

Siku ya pili anza maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai ndani ya kikombe cha maji yaliyochemshwa yakawa vuguvugu, mara 4 kwa siku, hasa baada ya kula. Yashike mdomoni, inamisha kichwa upande huo, yaache yadondoke yenyewe. Maji ya bahari hayashiki nafasi yake. Mswaki uendelee kwenye meno mengine tangu usiku wa kwanza.

Siku ya tatu utaona utando wa weupe na umanjano ndani ya tundu. Si usaha. Ni tishu mpya. Ukiukwangua kwa kijiti unaanza upya. Tofautisha na hili: maumivu yaliyokuwa yanapungua yanarudi kwa nguvu kati ya siku ya 2 na ya 5, yanapanda sikioni, harufu ni mbaya, na ukiangalia, tundu ni tupu na mfupa unaonekana. Donge limetoka. Hutokea zaidi kwenye magego ya chini na kwa wavutaji. Hakuna kidonge kitakachomaliza hilo. Tundu huoshwa na kuwekwa dawa, na nafuu huja haraka.

Ramadhani, jino lisilo la dharura lipangiwe kabla ya mwezi au baada ya futari. Wanazuoni wengi husema sindano ya ganzi haifunguzi kwa kuwa si lishe, lakini kuchunga damu na maji yasipite kooni ni kazi nyingine. Muulize shekhe wako. Parasetamoli inapangika: saa 12:30 jioni, saa 6 usiku, na saa 10:30 alfajiri pamoja na daku.

Pengo likibaki wazi, meno jirani hulala kulielekea na la upande wa pili hurefuka, kwa hiyo usikae miaka. Meno bandia ya kuvaa na kuvua hupimwa ufizi ukishatulia, kama miezi 3. Yavue usiku, yasugue kwa mswaki na sabuni ya kuoshea vyombo, yaloweke kwenye maji baridi. Maji ya moto huyapinda, na yakishapinda hayakai tena.