Baiskeli Inayokuachia Miguu ya Kukimbia

Ukiona mwanariadha anatembea kwenye kilomita ya saba ya kukimbia ya triathloni ya umbali wa Olimpiki (kuogelea, baiskeli kilomita 40, kisha kukimbia kilomita 10), tazama kwanza alivyoendesha zile kilomita 40 kabla hajashuka. Wengi hukimbilia kuongeza mazoezi ya kukimbia, ilhali aliyekosa nguvu za baiskeli hufika kwenye mbio za miguu akiwa tayari ametumia alichotakiwa kukimbilia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua waendeshaji wawili wenye uzito sawa, wote wakikanyaga kwa wati 200. Wa kwanza, nguvu ya juu anayoweza kuihimili kwa takriban saa nzima ni wati 225. Wa pili ni 260. Tuiite nguvu hiyo kiwango cha saa. Wa kwanza anaendesha kwa asilimia 89 ya kiwango chake, wa pili kwa 77. Watashuka kwenye baiskeli pamoja, lakini wa kwanza amechoma glaikojeni nyingi zaidi, ile akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini, na nyuzi za misuli zinazochoka haraka zimefanya kazi muda mrefu. Wa pili ameegemea zaidi mafuta ya mwili. Kwa hiyo faida kubwa ya kuwa na nguvu ni kuendesha kwa mwendo uleule kwa gharama ndogo. Anayezichukua wati alizoongeza akazimwaga zote barabarani siku ya shindano atakimbia vibaya vilevile.

Pima kwanza

Jipashe moto dakika 20, ukitia humo vipande vitatu vya dakika moja kwa kasi. Kanyaga kwa nguvu dakika 5, kisha endesha taratibu dakika 10. Sasa endesha dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuzigawa sawasawa, uchukue wastani wa wati, uzidishe kwa 0.95. Wastani wa 240 unakupa kiwango cha 228. Kipimo huharibika mtu akianza kwa pupa: dakika 5 za kwanza zikiwa juu sana kuliko za mwisho, jibu litakuwa chini ya uwezo wako. Rudia kila baada ya wiki 6 hadi 8. Asiye na kipima wati atumie wastani wa mapigo ya moyo wa dakika hizo 20, akikumbuka kwamba joto huyapandisha.

Kujenga nguvu

Vipindi viwili vizito kwa wiki vinatosha, pamoja na safari moja ndefu ya mwendo mwepesi. Cha kwanza ni dakika 12 mara tatu kwa asilimia 88 hadi 93 ya kiwango, mapumziko dakika 4 katikati. Ongeza kidogokidogo hadi ufike dakika 20 mara tatu. Hiki ndicho chenye faida kubwa zaidi kwa mwanatriathloni, na tungelazimika kuacha kimoja, hiki kingebaki. Cha pili ni dakika 8 mara nne kwa asilimia 100 hadi 105.

Gia nzito kwa mizunguko 60 hadi 65 ya pedali kwa dakika husaidia pia: dakika 5 mara tano kwa asilimia 80 hadi 85, kwenye mlima mrefu usio mkali. Goti likianza kuuma mbele, acha siku hiyohiyo, ukague urefu wa kiti. Kiti kilicho chini mno ndicho chanzo cha kawaida.

Mara moja kwa wiki, shuka kwenye baiskeli ukimbie dakika 15 hadi 20 papo hapo. Haihitaji kuwa ndefu. Unachofundisha ni miguu kubadili kazi, na dakika za kwanza ndizo ngumu.

Siku ya shindano

Kwa umbali wa Olimpiki, lenga asilimia 88 hadi 94 ya kiwango. Kwa nusu ya umbali mrefu, yaani kilomita 90 za baiskeli, 78 hadi 84. Kwa kilomita 180, 68 hadi 75, na anayetarajia kukaa kwenye kiti zaidi ya saa 6 ashuke chini ya hapo. Mgeni achague namba ya chini kila mara.

Kwa nini usisukume zaidi? Kwenye tambarare upinzani wa hewa hukua haraka kuliko mwendo, hivyo asilimia 10 zaidi ya wati hukupa takriban asilimia 3 tu ya mwendo. Anayemaliza kilomita 40 kwa dakika 66 ataokoa dakika 2. Akipoteza sekunde 20 kwa kila kilomita ya kukimbia, kilomita 10 zitamgharimu dakika 3 na sekunde 20. Amelipa zaidi ya alichonunua.

Milima ndiyo inayovunja mipango mizuri. Kuruka hadi asilimia 130 kila ukipitwa kwenye kilima huchoma akiba ambayo mteremko hautairudisha. Kwenye umbali wa Olimpiki usivuke asilimia 110 ukipanda. Kwenye umbali mrefu bakia chini ya 90. (Mashindano yanayoruhusu kujificha upepo nyuma ya mwenzako ni habari nyingine, kwani huko huwezi kukwepa kupandisha wati ghafla.)

Kula ukiwa kwenye baiskeli, kwa sababu tumbo hupokea chakula vizuri zaidi kuliko ukikimbia. Gramu 60 za wanga kwa saa ndizo msingi. Kufika 90 kunahitaji mchanganyiko wa glukosi na fruktosi uliouzoea mazoezini. Dakika chache za mwisho legeza gia, upandishe mizunguko hadi 90 au zaidi kidogo, unyooshe mgongo.

Ukianza kukimbia, usiamini hisia. Baada ya baiskeli mwendo wa kasi huhisi polepole, kwa hiyo fuata saa na kimbia kilomita ya kwanza polepole kwa sekunde 5 hadi 10 kuliko mwendo uliopanga.

Ili kujua tatizo liko wapi, siku moja kimbia kilomita 5 ukiwa umepumzika. Wiki inayofuata, endesha saa moja kwa wati za shindano, kisha kimbia kilomita 5 kwa mapigo yaleyale ya moyo. Pengo likiwa kubwa, ongeza kazi ya baiskeli au punguza wati za shindano. Likiwa dogo na bado unakimbia polepole, baiskeli yako inatosha. Nenda kaongeze kilomita za miguu.