Kabla hujamlipa kaunsela wako hapa England

Anza kwa kujiandikisha kwenye huduma ya bure. Najua umekuja kusoma habari za kulipia, nami nalipia, lakini kujiandikisha hakukugharimu kitu wala hakukuzuii kutafuta mtu wako pembeni. Hapa England si lazima umwone daktari kwanza. Ukiwa mtu mzima uliyesajiliwa na GP, yaani daktari wa mtaa, unajaza mwenyewe mtandaoni fomu ya NHS Talking Therapies, ndiyo hiyo huduma ya bure ya tiba ya mazungumzo ya NHS (huduma ya afya ya serikali), au unawapigia. Walio hapa kwa viza ya masomo wameshailipia tena kwa uchungu: ile ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka waliyokatwa pamoja na viza. Zamu yako ikifika na umeshapona, waambie, umpishe mwingine.

Usiidharau huduma hiyo. Kwa hofu inayokubana kifua ghafla, kwa kunawa mikono kusikokwisha, kwa sonona ya kawaida, wana tiba zenye mpangilio na zinazofanya kazi. Lengo walilowekewa ni asilimia 75 ya watu waanze matibabu ndani ya wiki 6, na asilimia 95 ndani ya wiki 18. Ila uliza swali moja: baada ya kikao cha kwanza, cha pili ni lini? Hapo katikati ndipo watu hukaa sana. Vikao vyenyewe huwa vya kuhesabika, na kila kimoja kina fomu. Moja ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu lina alama 0 hadi 3: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Kuna swali la usingizi. Mimi nahudumia wazee, shifti za usiku. Sijui mtu anayelala saa nne asubuhi mapazia yamefungwa ajibu nini pale.

Kwa nini basi nikalipia? Baba yangu alifariki Mombasa alfajiri, na kabla ya laasiri alikuwa ameshazikwa. Hakuna ndege ya kuwahi maziko ya namna hiyo. Nilichokitaka hakikuwa tiba ya ugonjwa. Nilitaka mtu mmoja, yuleyule kila wiki, ambaye sitaanza kumfundisha kwa nini tulizika upesi hivyo na hitma ni kitu gani. Nikampata mama mmoja wa Kisudani. Hajui Kiswahili hata neno, lakini nilipomwambia "siku ileile", aliitikia kwa kichwa tu, akasubiri niendelee. Huko kuchagua mtu ndiko unakonunua. Kama hujali utaongea na nani, mradi uongee, subiri ya bure.

Lugha isikusukume kulipia. NHS wanatoa mkalimani bila malipo, naye anafungwa na siri. Najua hofu yenu, kwamba Waswahili wa mji mmoja wanajuana hadi sauti. Omba mkalimani wa simu, aliye mji mwingine. Ni ombi la kawaida.

Sasa kwenye kulipia kwenyewe, hapa fungua macho. Sheria ya Uingereza hailindi cheo cha kaunsela. Jirani yako aliyehudhuria semina ya wikendi anaweza kubandika kibao mlangoni leo, na hakosei kitu kisheria. Kwa hiyo usitosheke na nembo iliyo kwenye tovuti yake. Ingia mwenyewe mtandaoni kwenye rejesta ya BACP, UKCP au NCPS, ambavyo ni vyama vya makaunsela na watibabu wa mazungumzo, andika jina lake, uone kama lipo. Anayejiita mwanasaikolojia wa kliniki mtafute kwenye rejesta ya HCPC, mamlaka inayosimamia fani hiyo, kwa sababu cheo hicho ndicho kinacholindwa. Jina lisipoonekana, muulize. Akianza kukueleza habari za karama na wito, mshukuru, kata simu.

Bei zinatofautiana. Pauni 50 hadi 80 kwa kikao cha dakika 50 ni jambo la kawaida, na London hupanda zaidi. Ukilipa 60 kila wiki, wiki nne ni 240, na kila mmoja wetu anajua hizo ni ada ya shule ya nani kule nyumbani. Basi omba kupunguziwa. Si aibu, wengi wana nafasi chache za wenye kipato kidogo, ila hawazitangazi. Waliomo mafunzoni hutoza nafuu, na wana msimamizi anayewafuatilia. Tena, kabla hujatoa hata senti, waulize watu wa rasilimali watu kazini kama kampuni ina mpango wa ushauri kwa wafanyakazi. Ukiwepo, vikao vya mwanzo ni bure.

Makaunsela wengi hukubali simu fupi ya bure ya kufahamiana. Itumie kuuliza mambo matatu. Amewahi kufanya kazi na watu waliohama kwao? Nani hasa anaweza kuambiwa ninayoyasema? (Siri ina mipaka, kama maisha ya mtu au mtoto yakiwa hatarini, na kaunsela mzuri hukueleza mapema.) La tatu ndilo linalotuumiza sisi wa shifti: nikiitwa kazini ghafla, je? Wengi hudai malipo yote usipotoa taarifa saa 24 au 48 kabla. Yangu tumeyaandika: rota ikitoka, namtumia, tunapanga siku.

Kaunsela haandiki dawa. Ukianza kuwaza kujidhuru usimsubiri Alhamisi yake: piga 111 ya NHS kisha chagua 2, au Samaritans, simu ya kumsikiliza aliyezidiwa, 116 123, saa zote, bure. Maisha yakiwa hatarini sasa hivi, piga 999, simu ya dharura.

Na mkiwa hamwendani, ondoka. Vikao vitatu vinne vinatosha kujua. Sisi tumelelewa kumwonea mtu haya, tutaendelea kulipa miezi kwa sababu mama wa watu ana adabu na anatupa chai. Mwandikie tu: nashukuru, nimeamua kusimama hapa. Hadai sababu, na ukimwomba jina la mwenzake atakayekufaa zaidi, kwa kawaida atakupa.