Jinsi ya Kulinda Fedha na Vitu vya Thamani Ulalapo Gesti au Hotelini

Ukifika mapokezi ya gesti nyingi za Kariakoo, au hata ya hoteli yenye lifti na mlinzi getini, utakuta tangazo limebandikwa ukutani likimtaka mgeni akabidhi mali zake za thamani mapokezi, na kueleza kwamba uongozi hautahusika na upotevu wa mali ambayo haikukabidhiwa. Wengi wetu hulipita tangazo hilo tukiwa tumechoka na safari; tunaandika jina kwenye kitabu cha wageni, tunapokea ufunguo na kupanda ngazi. Mimi nililipita kwa miaka mingi nilipokuwa nikisafiri kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam kununua vitenge na mashuka, hadi siku nilipotoka kwenda kuoga katika bafu la pamoja mwishoni mwa korido, nikarudi baada ya robo saa na kukuta shilingi 640,000 zimetolewa ndani ya begi langu. Mlango nilikuwa nimeufunga, kitasa hakikuvunjwa na dirisha lilikuwa kama nilivyoliacha. Aliyeingia aliingia kwa ufunguo, na meneja aliponionyesha lile tangazo sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo, kila ninapoweka kitu mahali najiuliza swali moja: ni nani mwingine anayeweza kupafungua mahali hapa? Swali hilo linafaa kuulizwa kuhusu mlango, dirisha, sefu, begi na hata simu, na mwongozo huu wote unalifuata.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Fedha iliyo salama zaidi hotelini ni ile ambayo haikufika hotelini. Miaka ya nyuma mfanyabiashara wa mkoani hakuwa na njia nyingine ila kufunga noti kiunoni, lakini tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na sasa ambapo mawakala wa benki wapo karibu kila mtaa na maduka mengi yanapokea malipo kwa namba, hakuna sababu ya kulala na mtaji mzima chini ya mto. Waulize mapema wauzaji wako wanapokea malipo kwa njia gani, linganisha makato, kisha beba taslimu ile tu utakayoitumia kwa nauli, chakula, wabeba mizigo na wauzaji wasiopokea malipo ya simu. Najua wapo wanaoona makato ni hasara. Nawaomba wayapime makato hayo na mtaji ambao ungepotea kwa usiku mmoja.

Ukishaiweka fedha kwenye simu, simu yenyewe ndiyo inakuwa sefu, na lile swali linarudi. Kufunga kioo hakutoshi, kwa sababu mwizi anaweza kuchomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine. Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio uiwekee laini yenyewe namba ya siri, ili kila inapowashwa iulizwe. Anayekosea mara tatu laini humfungia, na haifunguki bila namba ya PUK, yaani namba ya kufungulia laini inayotolewa na kampuni ya simu. Namba ya siri ya fedha isiwe mwaka wa kuzaliwa, maana mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho kilicho katika pochi hiyohiyo. Bonyeza pia *#06#, uandike namba ya utambulisho wa simu itakayotokea, na karatasi hiyo uiache nyumbani, kwa kuwa polisi wataihitaji simu ikiibwa.

Piga picha kitambulisho, pasipoti, viza na kadi ya chanjo, uzitume kwenye barua pepe yako na kwa ndugu mmoja unayemwamini. Wanaokwenda harusini na dhahabu zao wapige picha kila bangili na mkufu, waweke pamoja na risiti ya sonara inayoonyesha uzito, kwa sababu maelezo ya “mkufu wa dhahabu mnene” hayamsaidii askari wala mwenye hoteli.

Kukagua chumba kabla ya kulipa

Omba kuonyeshwa chumba kwanza. Ni desturi inayokubalika, na mhudumu mwema hataona kuwa unamdharau. Funga mlango kwa ufunguo ukiwa ndani, kisha usukume, maana vitasa vingi vya bei nafuu huzunguka bila kushika. Tazama kama lipo komeo la ndani na kama skrubu zake zimeingia kwenye mbao au zinaning’inia. Kisha uliza mapokezi funguo za akiba zinakaa wapi, na mgeni akiondoka na ufunguo huwa wanafanyaje. Jibu zuri ni kwamba kitasa hubadilishwa. Ukiambiwa kwamba huchongesha ufunguo mwingine tu, basi yule aliyeondoka na ufunguo wake bado anaweza kuingia chumbani mwako, na hilo ndilo lililonipata mimi.

Hoteli ambazo milango yake hufunguliwa kwa kadi nazo zichunguzwe kwa macho hayohayo. Mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani kwamba vitasa vya Onity vilivyokuwa vikitumika katika hoteli nyingi duniani vingeweza kufunguliwa kwa kifaa kidogo cha bei ndogo, na mwezi Machi 2024 watafiti wakatangaza kasoro katika vitasa vya Saflok vinavyotengenezwa na kampuni ya dormakaba, vilivyofungwa kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131. Silengi kumtisha mtu asilale hotelini. Nataka msafiri ajue kwamba taa ya kijani mlangoni haithibitishi kwamba kadi yake ndiyo pekee inayoufungua, hivyo usiku afunge komeo la ndani, na mchana asiuachie mlango peke yake kazi ya kulinda fedha.

Dirisha hupuuzwa kuliko mlango. Vile vioo vya kupangwa kimoja juu ya kingine huchomolewa kimojakimoja bila kelele, na hata penye nondo, mtu aliye nje anaweza kupitisha fimbo ndefu yenye ndoano akavuta suruali iliyotundikwa, mkoba ulio mezani au simu iliyoachwa ikichajiwa dirishani. Kwa hiyo begi na nguo vikae upande wa chumba ulio mbali na dirisha, na simu ichajiwe karibu na kichwa chako. Chumba cha ghorofa ya kwanza au ya pili kisichopakana na paa la jirani wala ngazi ya nje ndicho ninachokichagua, hata kama cha chini kina nafasi zaidi. Kabari ya mbao ya kuchomeka chini ya mlango unaofunguka kwa ndani haina bei kubwa wala uzito. Hakuna ufunguo wa akiba unaoishinda kwa urahisi ukiwa umelala.

Kukabidhi mali mapokezi

Sehemu hii ndiyo ninayoomba isomwe kwa makini, kwa kuwa ndiyo njia ambayo wasafiri wengi huiogopa, na wanaoitumia mara nyingi huitumia vibaya. Huko Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za biashara zina mizizi, sheria ya wenye hoteli ya mwaka 1956 inaruhusu hoteli iliyobandika tangazo linalotakiwa kuweka ukomo wa fidia wa pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa jumla, lakini ukomo huo hautumiki kwa mali iliyokabidhiwa waziwazi ili itunzwe, wala kwa mali iliyopotea kwa kosa au uzembe wa mwenye hoteli au watumishi wake. Yaani kukabidhi kunabadilisha kabisa nani anabeba mzigo wa upotevu. Lile tangazo la ukutani, ukilisoma kinyumenyume, linasema jambo hilohilo: iliyokabidhiwa, uongozi unahusika nayo. Lakini hili litakufaa tu ikiwa unaweza kuthibitisha ulikabidhi nini.

Hesabu fedha mbele ya mpokeaji, taratibu, mahali ambapo wageni wengine hawaoni. Andika kwenye karatasi mbili kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, idadi ya noti za kila aina, tarehe, saa, jina lako na jina lake, kisha nyote mtie saini, karatasi moja ibaki kwako. Fedha iingie kwenye bahasha, bahasha ifungwe, saini yako ipite juu ya mkunjo, na juu yake ubandike selotepu, ili ikifunguliwa ionekane. Ipige picha. Mpokeaji akikataa kuandika kwa maelezo kwamba “hapa tunaaminiana”, mshukuru kwa upole na usikabidhi, kwa kuwa hata kama yeye ni mwaminifu, zamu yake itaisha na mwingine ataingia.

Hapo pana maswali mawili ambayo watu husahau kuyauliza. La kwanza ni mahali bahasha itakapolala, kwa sababu droo ya meza ya mapokezi haina tofauti kubwa na meza yenyewe. La pili ni nani mwenye ufunguo wa sefu na anafika saa ngapi. Nimemwona abiria aliyekata tiketi ya basi la saa 12 alfajiri kutoka Mbezi Louis akilia mapokezi, fedha zake zikiwa salama kabisa ndani ya sefu ambayo meneja wake hufika saa 2 asubuhi. Ukiondoka alfajiri, chukua bahasha yako jioni ya kabla, au usikabidhi.

Sefu ya chumbani

Sefu ndogo za kabatini husaidia, lakini zina mipaka. Mgeni huweka namba yake, na hoteli hubaki na namba kuu au ufunguo wa dharura wa kufungulia wageni wanaosahau. Bila hivyo kila wiki wangemwita fundi. Kwa hiyo jibu la swali letu hapa ni kwamba uongozi unaweza kuifungua. Kabla ya kuitumia, itikise uone kama imefungwa kwa boliti ukutani au kwenye kabati, maana isiyofungwa hubebwa nzima. Kisha ifunge ikiwa tupu kwa namba yako, ujaribu namba kama 000000, 999999 na 123456. Ikifunguka kwa mojawapo, namba kuu ya kiwandani haijabadilishwa, nawe uwajulishe mapokezi na usiitumie. Iliyofaulu iwekee pasipoti, vito na kompyuta mpakato, bila kuweka mtaji wote.

Pasipoti ina mambo yake. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou wajue kwamba China inataka mgeni asajiliwe polisi ndani ya saa 24, na hoteli hufanya usajili huo mgeni anapopokelewa. Simama hapohapo mapokezi hadi pasipoti irudi mkononi, usipande chumbani ukiambiwa utaletewa. Sheria za huko zinamtaka pia mgeni aliyetimiza miaka 16 atembee na pasipoti yake, hivyo kuiacha kwenye sefu si suluhisho. Ivae kwenye pochi nyembamba ndani ya nguo. Ikipotea, ripoti ya polisi na ile picha uliyojitumia vitakurahisishia kazi ubalozini unapoomba hati ya dharura ya kusafiria.

Mazoea ya kila siku

Usitaje namba ya chumba kwa sauti mbele ya watu, na mpokeaji akiitangaza huku watu wamesimama, omba chumba kingine. Anayebisha hodi akisema ni fundi wa maji au wa kiyoyozi ambaye hukumwita, mwambie asubiri, upige mapokezi kwanza. Simu ya chumbani ikilia usiku na sauti ikadai malipo yako yamekataliwa na kuomba namba za kadi, kata simu na ushuke mwenyewe. Ukitoka kwa muda mfupi, hata kwenda bafuni, beba fedha na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Kwa wahudumu wa usafi nina ombi. Usiwashuku kwa sababu tu wana ufunguo. Noti chini ya godoro au ndani ya foronya huwaweka mahali pabaya, kwa kuwa kazi yao ni kukung’uta matandiko hayohayo, na kitu kikidondoka wao ndio wa kwanza kulaumiwa. Ukifungia vitu vyako, umejilinda na umewalinda wao.

Ikitokea umeibiwa, usiondoke wala usipange upya chumba. Mwite meneja aone, piga picha, mwombe aandike taarifa na kama kuna kamera azihifadhi picha zake kabla hazijafutwa, kisha nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo upewe namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, ambayo Kenya huitwa namba ya OB. Kuifunga laini kunatangulia yote hayo: azima simu ya jirani uwapigie watoa huduma wako.

Vitu vingi vinavyoachwa hotelini huachwa na mwenyewe asubuhi ya kukimbilia basi. Pete hubaki ukingoni mwa sinki, chaja ukutani, pasipoti ndani ya sefu. Usiku wa kuamkia safari, weka kiatu kimoja ndani ya sefu pamoja na vitu vyako, kwani hakuna atakayefika kituoni kwa kiatu kimoja. Kama ulikabidhi bahasha, kagua saini na selotepu, ifungue na uhesabu mbele ya aliyekurudishia, kisha ndipo usaini kwamba umeipokea.