Ng'oa Uyoga Mzima, Usiukate Juu ya Udongo

Mvua za kwanza zikishakolea kwenye misitu ya miombo, mabeseni ya uyoga huanza kujipanga kando ya barabara za Iringa, Njombe na Ruvuma. Inama uangalie beseni moja kwa karibu. Karibu kila shina limekatwa kwa kisu, sawasawa, jeupe, halina hata chembe ya udongo. Wanunuzi wanaupenda hivyo, na wachumaji wameshazoea kuwapa wanachokipenda. Usafi huo ndio unaonitia hofu, na ndio ulionifanya niandike.

Sitaeleza uyoga unapatikana wapi wala unapikwaje. Hayo mnayajua, na wengi wenu mmeyajua tangu mkiwa watoto mkifuatana na bibi zenu porini. Nazungumzia kisu tu. Unapokata uyoga usawa wa ardhi, unaacha udongoni ile sehemu ambayo ingekuambia kama ni chakula au ni sumu. Ukifika nyumbani na kofia na kipande cha shina, hata mchumaji hodari kuliko wote kijijini hawezi kukuhakikishia kitu. Anaweza kukisia tu, na uyoga si kitu cha kukisia.

Uyoga unaoua kwa uhakika zaidi duniani uko katika jamii inayoitwa Amanita. Wengi wa jamii hii shina lao la chini limevimba na limekaa ndani ya kikombe chembamba, kama ganda la yai lililopasuka juu. Kikombe hicho mara nyingi kimefukiwa chote, hakuna hata ukingo unaoonekana. Juu ya ardhi unaona kofia nzuri, shina jeupe, labda na pete ya utando inayozunguka shina, na unasema huu naufahamu. Kisu kinapita, kikombe kinabaki chini, na alama kubwa ya hatari imeachwa porini.

Sasa linganisha na uyoga wa kichuguu, ule tunaoupenda kuliko wote. Shina lake halina kikombe. Linaingia ardhini likizidi kuwa jembamba, linageuka mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye chumba ambamo mchwa wanalima chakula chao, na aina nyingine mzizi huo unaweza kuzidi hata mita moja. Kwa hiyo alama bora ya uyoga mzuri nayo iko chini ya udongo. Anayekata juu anazitupa alama zote mbili kwa pigo moja.

Namna ya kuung'oa ni hii, na naomba vipimo vifuatwe kama vilivyo. Chukua kijiti kigumu kilichochongwa bapa, au kisu cha zamani. Kichomeke kwenye udongo sentimita 5 kutoka kwenye shina, si karibu zaidi, maana ukikaribia unakata kikombe chenyewe. Zungusha pande zote nne. Shuka sentimita 10 kwenda chini, yaani upana wa kiganja bila kidole gumba. Kisha inua uyoga pamoja na udongo wake, uweke kiganjani, na upangue udongo kwa vidole polepole. Usiukung'ute wala usiuoshe kwanza. Kikombe cha Amanita ni chembamba na hupasuka kirahisi, na vipande vyake hubaki vimeshikana na udongo. Ukikung'uta ovyo umejidanganya mwenyewe, utaona shina tupu na kusema hakuna kitu.

Ukifika sentimita 10 na mzizi bado unashuka, fuata mpaka sentimita 20. Ukikatika hapo ukiwa mwembamba kuliko shina la juu, umeridhika na dalili hiyo. Ukikuta mwisho wa duara, uvimbe, ngozi iliyochanika, au hata magamba meupe yaliyoshika chini, uyoga huo uache palepale. Usiutie kikapuni "tukauangalie nyumbani".

Najua mtasema wapo Amanita wanaoliwa. Ni kweli, miombo yetu ina aina yenye kikombe ambayo watu wamekula vizazi na vizazi, na sikatai elimu ya wazee. Lakini yule mama aliyefundishwa na mama yake, kwenye msitu uleule, akichuma kwa ajili ya chungu chake, ni jambo moja. Kijana anayejaza mabeseni manne kabla basi halijapita ni jambo lingine kabisa. Kwa uyoga wa kuuza, msimamo wangu ni mmoja: chenye kikombe hakichumwi. Mnunuzi aliye ndani ya gari hana bibi wa kumuuliza.

Wengine wananiambia, bwana shamba, ukichimba unaua mbegu, mwaka kesho hakuna kitu. Hapana. Kile mnachokichuma ni tunda tu, mwili wenyewe wa uyoga ni nyuzi nyembamba zilizosambaa ardhini. Rudisha udongo kwenye shimo, ushindilie kidogo kwa mguu, funika kwa majani. Kinachodhuru zaidi ni kukanyagakanyaga eneo lote na kubomoa vichuguu ili kufuata mizizi. Sentimita 20 zinatosha. Hakuna haja ya kuvunja kichuguu.

Kuna uyoga mdogo mweupe wa mchwa unaotapakaa chini kwa mamia, kofia haizidi sentimita 3, na huo hauna mzizi mrefu. Huo inua kwa bonge pamoja na udongo, uchambue mmoja mmoja. Kofia yoyote iliyozidi kipimo hicho katikati ya kundi ni mgeni, itoe.

Na vichanga ambavyo kofia bado haijafunguka, vyenye ukubwa wa yai la kuku, msivichume kabisa. Katika umri huo Amanita mchanga na uyoga mwingine unaolika hufanana mno kwa nje. Nimechoka kuona watoto wakisifiwa kwa kuleta "vile laini".

Pete nayo isiwe kipimo chenu. Kuna uyoga wa kichuguu wenye pete, na kuna wenye sumu ambao pete yao imeshadondoka kwa mvua.

Kuchimba hakutoshi kwa aina moja ambayo lazima niitaje. Kwenye malisho na viwanja vya nyasi huota uyoga mkubwa, kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia katikati, pete inayosogea kwenye shina, na hauna kikombe. Watu wanaudhani ni wa kichuguu kwa sababu ya ukubwa. Huu hutapisha na kuharisha vibaya ndani ya saa 1 hadi 3. Ukiwa mchanga, yale mapazia membamba chini ya kofia ni meupe, ukikomaa huanza kuwa ya kijani. Utaugundua kwa vumbi lake, yaani zile mbegu ndogo mno zinazodondoka kutoka kwenye mapazia. Kata kofia iliyofunguka vizuri, iweke mapazia yakiangalia chini juu ya kipande cha kioo kisafi, funika kwa bakuli, uache usiku kucha, saa 6 kwa uchache na 12 ikiwezekana. Asubuhi inua kofia kwa kwenda juu bila kuiburuza. Kishikilie kioo juu ya karatasi nyeupe, kisha juu ya kitambaa cheusi. Vumbi la kijani: tupa uyoga wote wa aina hiyo. Vumbi jeupe linaloonekana juu ya kitambaa cheusi tu: simama, kwa sababu Amanita ana vumbi jeupe. Uyoga wa kichuguu hutoa vumbi la waridi lililofifia. Nasisitiza kioo kwa kuwa wengi wanatumia karatasi nyeupe peke yake, halafu wanasema "haukutoa kitu", kumbe vumbi jeupe limelala juu ya karatasi nyeupe.

Sasa nije kwenye vipimo vya uongo. Kuchemsha na kitunguu uone kama kitabadilika rangi, kuchemsha na mchele, kutumbukiza sarafu, kuangalia kama konokono ameula. Hakuna hata kimoja kinachotambua sumu ya Amanita. Konokono anaula na anaendelea na safari yake. Kumpa mbwa ndicho kibaya zaidi, kwa sababu ya muda. Sumu hii huanza kuonekana baada ya saa 6 hadi 12, wakati mwingine hata 24. Mbwa aliyelishwa saa kumi jioni atakuwa bado anatikisa mkia wakati familia yote inanawa mikono kwa chakula cha usiku. Kuchemsha mara mbili na kumwaga maji hakuiondoi. Kuanika juani hakuiondoi. Kofia moja ya kawaida inaweza kumuua mtu mzima.

Anayehamia mahali papya awe mwangalifu maradufu. Septemba 2021 nchini Poland, watoto wawili wa familia ya Kiafghanistan, ndugu wa miaka 5 na 6, walifariki baada ya kula supu ya uyoga uliochumwa msituni karibu na kituo walikopokelewa. Ugeni wa namna hiyo haulazimu kuvuka bahari. Ukitoka miombo ya Tabora ukaingia kwenye mashamba ya misonobari ya Mufindi, umeingia kwenye msitu wa kigeni: miti ile imeletwa kutoka mbali, na uyoga unaoishi kwenye mizizi yake si ule mliofundishwa kwenu. Huko Afrika Kusini, Amanita anayeua kuliko wote aliingia pamoja na miti iliyoletwa kutoka Ulaya. Chini ya misonobari na mialoni, elimu ya miombo haitumiki.

Uchambuzi ufanyike palepale ulipochuma, na aliyechuma ndiye achambue. Beba vikapu viwili au zaidi, kila aina na chake. Usitumie ndoo yenye kifuniko wala kiroba kilichofungwa, uyoga unachemka humo na kuharibika kabla hujafika nyumbani. Mizizi iache imeshikamana na kofia mpaka jikoni, au mpaka mnunuzi ameiona. Nawaomba wauzaji mjifunze kumwonyesha mnunuzi ule mzizi, na nyie wanunuzi mkatae uyoga uliokatwa. Ukigundua uyoga wa mashaka umeshakatwakatwa ndani ya beseni, tupa beseni zima, hata kama ni kazi ya siku nzima. Usianze kuokota vipande.

Uyoga ulioutambua vizuri, ukauchuma mzima, ukaula siku hiyohiyo, kwa kawaida haukupi tabu.

Na kila mnapopika uyoga wa porini, bakizeni mmoja mbichi, mzima, na mzizi wake. Ufungeni kwenye karatasi au jani la mgomba, si plastiki, uwekwe mahali pa baridi kwa saa 48. Mtu akianza kutapika au kuharisha baada ya saa 6 au zaidi tangu alipokula, msisubiri kuche na msihangaike na maziwa wala mafuta. Nendeni hospitali usiku huohuo na uyoga huo mkononi, na wote waliokula mfuatane, hata wasioumwa. Mwambieni daktari mambo matatu kabla hajauliza: uyoga uliliwa saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi, na wangapi wamekula. Kisha kumbukeni kwamba siku ya 2 au ya 3 mgonjwa huweza kuonekana amepona, akaomba uji, akataka kurudi nyumbani. Wakati huohuo ini linaendelea kuharibika. Msimtoe wodini mpaka daktari amepima ini na kumruhusu yeye mwenyewe.