Jinsi ya kuhamisha umiliki wa gari uliyonunua kwa mtu, kwa sisi wa Tabora

Pesa ya tumbaku ikishaingia huku kwetu gari zinauzwa balaa, Probox ya Tabora mjini inaenda Urambo, Noah ya Nzega inaishia Kaliua, na nyingi zinatembea miaka na miaka na kadi yenye jina la mtu mwingine. Wadau naomba hili tuliache kabisa. Kwenye mfumo mwenye gari ni yule aliyeandikwa, ikigonga mtu anaanza kutafutwa yeye, akifariki warithi wanaweza kukudai gari uliyoilipia mwenyewe, na siku ukitaka kuuza huna cha kumwonyesha mteja.

Kabla hujatoa hata shilingi omba kadi orijino, sio kopi wala picha ya WhatsApp. Ukiambiwa kadi iko benki jua kuna mkopo, usilipe mpaka umalizwe na benki iiachie. Kama mwenye jina ni marehemu, anayeruhusiwa kuuza ni msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama, hata kama funguo anazo mtoto mkubwa.

Halafu fungua boneti. Hapa watu wengi wanaangalia plet namba tu wanaridhika, na plet namba ni kibati cha kufunga na skrubu. Chukua kitambaa chenye petroli kidogo ufute vumbi kwenye ule ukuta wa bati nyuma ya injini, kwenye Probox chesisi namba imegongwa hapo, mara nyingi inaanza na NCP kama NCP51 au NCP58. Ipige picha, kaa chini na kadi, soma herufi moja moja. Bati likiwa limekwaruzwa, lina alama za kuchomelea au namba zimepinda pinda, achana nayo hata kama bei ni ya kutupa. Injini namba nayo hivyo hivyo, injini ikiwa imebadilishwa na kadi inasoma ya zamani muuzaji airekebishe kadi kwanza yeye.

Madeni unayacheki kwa simu: faini za trafiki kwenye tms.tpf.go.tz, na maegesho kwenye mfumo wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), hasa gari ikitokea Dar au Mwanza. Muuzaji ayalipe yote yeye. Akikusifia kwamba haidaiwi road license hiyo sio sifa, ada ya kila mwaka ilifutwa 2017.

Mkataba andikeni kwa wakili, ule wa kwa mwenyekiti wa mtaa uwe nyongeza tu. Ziwemo namba za gari zote, bei halisi, tarehe, mashahidi wa pande zote. Na ushauri wangu mkubwa ni huu, usimalizie hela yote siku hiyo, andikeni kabisa kwamba kuna kiasi kinabaki mpaka jina libadilike, maana muuzaji akishakula hela yote akapanda treni kwenda Kigoma simu inakuwa haipokelewi na wewe bado unamhitaji.

Baada ya hapo nendeni wote wawili TRA, na kadi orijino, mkataba, TIN zenu wote, kopi za vitambulisho vya NIDA na picha zako za pasipoti. Ada ya kuhamisha ni 50,000 kwa gari (pikipiki 27,000), kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Yaani gari ya milioni 9 ni 90,000 ya stempu, jumla 150,000. Usidanganyike kuandika bei ya chini ili upunguze hiyo 90,000, mkigombana baadaye mkataba ndo utasoma hiyo bei ndogo. Unapewa kontroli namba unalipa benki au kwa simu, ukisikia kishoka nje anasema mpe keshi akumalizie, pita tu.

Kadi mpya ikitoka isome hapo hapo kaunta, jina lifanane na la NIDA, chesisi ifanane na ile picha uliyopiga. Plet namba haibadiliki, inabaki ya gari. Kisha peleka kopi kwa wakala wa bima ibadilishwe iwe kwa jina lako, na uihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima) kabla hujaitoa gari safari ya Nzega.